Muulize Mwalimu: Ung'eng'e anaumwaga, ukimuuliza kasoma nini yuko kimya

Barua za mwezi huu nyingi zimeangukia sehemu moja, lugha ya nyumbani na lugha ya shule, kwa hiyo zile za ada na za walimu watoro nimeziweka pembeni kwanza, wenyewe msinune, zamu yenu inakuja.

Mwalimu salamu sana. Mimi ni Mkamba wa Machakos nimeolewa na Mjaluo wa Siaya na tunaishi Rongai. Tuko na msichana wa miaka sita, yuko Grade One. Kwa nyumba tunaongea Kiswahili na Kiingereza, na hiyo Sheng anatoa na wenzake kwa ploti. Sasa shule wametuma meseji kwa grupu ya wazazi ati watoto wafundishwe lugha ya mama na sisi tuchague, wengine wanasema Kikuyu juu ndio wengi, wengine wanasema wapewe Kiswahili maisha iendelee. Mama mkwe naye akipiga simu anaongelesha mtoto Kijaluo, mtoto ananiangalia tu, halafu lawama inakuja kwangu ati nimemnyima mtoto wao lugha. Lugha ya mama ya huyu mtoto ni gani, yangu, ya babake ama ya ploti? — Mama Msichana, Rongai

Mama Msichana, nianze na la mkwe maana naona ndilo linalokuuma kuliko hata la shule. Kijaluo si chako. Mwenye Kijaluo ni mzee wako, yeye ndo wa kumsemesha mtoto, yeye ndo wa kushika simu siku mamake akipiga na kukaa hapo kati akimwambia mtoto "nyanya anauliza umekula nini, mjibu hivi". Nimechoka kuona kina mama wanabebeshwa lawama ya lugha ambayo hata wao hawakuzaliwa nayo wakati baba mwenye lugha yake yuko sebuleni anaangalia mpira. Msomee mzee aya hii ukitaka, sina neno.

Haya sasa swali lako. Lugha ya mama si lazima iwe ya kabila la mama wala la baba. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, lugha inayomfaa ni ile akianguka analia nayo, ile akisimulia kilichotokea shule hatafuti maneno. Kwa maelezo yako hiyo ni Kiswahili, na Sheng juu yake. Najua kuna watakaonirukia hapa na kusema mtoto wa Mjaluo na Mkamba hawezi kuwa mtoto wa Kiswahili, lakini miji yetu imejaa watoto wa hivo na hawakosi chochote, wana lugha kamili ya kufikiria. Na wala si mambo mapya, kamati ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza madarasa ya chini Kenya yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini kwenye mchanganyiko wa watu Kiswahili ndo kikachukua nafasi hiyo. Wakati huo kulikuwa na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, TKK, vilitolewa kwa lugha nyingi za Kenya, wasomaji wangu wenye mvi wanavikumbuka. Kabla ya hapo, miaka ya 60, upepo ulikuwa umevuma upande mwingine kabisa, Kiingereza tangu darasa la kwanza, na wazazi wengi walifurahia maana uhuru kwao ulikuwa na maana ya mtoto wao kupata kile kile alichokuwa akipata mtoto wa mzungu. Mtaala wa sasa umerudisha lugha za kwetu Grade 1 mpaka 3, na Katiba ya 2010 ibara ya 7 inaitaka serikali ikuze na ilinde lugha za watu wa Kenya. Kwenye karatasi tuko vizuri. Darasani ndo utakuta mwalimu mmoja, watoto wa makabila manane, na vitabu viwili.

Kwa hiyo kwenye grupu piga kura ya Kiswahili, bila aibu. Kikuyu kwa sababu ndio wengi ni hesabu ya kura, haimsaidii mtoto ambaye hajawahi kukisikia nyumbani kwake.

Alafu sikiliza hili maana ndo msingi wa majibu yangu yote leo. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu. Ni kama baiskeli, akishajua haanzi upya akipewa ya rangi nyingine. Akielewa kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zinabeba maana, kwa lugha anayoielewa, kuhamia lugha nyingine ni kazi ya miezi. Aanze na Kiswahili, ba be bi bo bu, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Kikamba chako kitafuata kwa urahisi ukiwa unamsemesha, herufi nyingi ni zile zile isipokuwa ĩ na ũ zenye kofia zinazotakiwa kusikika tofauti. Kijaluo kina ugumu wake, sauti za irabu ni tisa lakini zinaandikwa kwa herufi tano, yaani asiyeijua lugha kwa masikio hatajua herufi ile aisomeje. Hapo usianze na kitabu, anza na nyanya. Likizo ya mwezi wa nane au wa kumi na mbili apelekwe Siaya bila nyinyi, mkiwepo wote watawageuzia Kiswahili tu.

Na usikate tamaa akielewa Kijaluo lakini akijibu Kiswahili. Wa kwanza mara nyingi huongea, wa mwisho husikia tu, nimeona familia nyingi hivo. Kusikia tu nako ni mtaji, siku moja hufunguka.

Jambo Mwalimu. Niko mama wa Bukavu. Ku nyumba tunasema Mashi, inje Kiswahili, na bwana yangu anapenda tumusemeshe mutoto Kifaransa juu ya masomo. Mutoto iko na miaka mbili na nusu lakini anasema neno moja moja tu, hajaunga bado. Majirani wanasema lugha zimemuchanganya kichwa, tuache moja. Ni kweli? — Mama wa Bukavu

Jambo mama. Si kweli, lugha mbili au tatu hazimchelewishi mtoto kuongea, na kuacha moja hakutamfungua mdomo. Hesabu maneno yake kwa kuchanganya, ya Mashi, ya Kiswahili, ya Kifaransa, yote weka kapu moja, wengi wanahesabu ya lugha moja tu wanaogopa bure. Na akichanganya lugha mbili kwenye sentensi moja wala usishtuke, wanafanya hivo wote, hata sisi wakubwa.

Ila, na hapa nisikilize mama, mtoto wa miaka miwili na nusu anatakiwa awe anaunga angalau maneno mawili, "mama maji", "tata njoo", kwa lugha yoyote. Kama haungi kwa hata moja basi mpeleke apimwe masikio kwanza, kabla ya mengine yote. Usisubiri kwa sababu jirani kasema ni lugha. Na bwana wako mwambie Kifaransa cha kumkaripia mtoto hakimfundishi kitu, kama anakitaka amsimulie hadithi nacho, na kama hakimtoki vizuri aongee Mashi yake, mtoto anahitaji kusikia lugha iliyoshiba.

Mwalimu shikamoo. Nipo Mwanza. Mwanangu yupo darasa la tatu shule ya inglishi midiamu, ada naisikilizia mgongoni lakini nilisema acha nijinyime. Nyumbani tunaongea Kiswahili, mimi na mama yake tukiwa na siri zetu tunaongea Kisukuma. Juzi kaniletea kitabu akakisoma mwanzo mwisho bila kukwama, ung'eng'e anaumwaga mpaka nikajisikia raha, nikamuuliza haya niambie hadithi inahusu nini, kimya. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kimya. Nikajua utani, nikarudia na kitabu kingine, kimya. Alafu kuna jingine, shuleni ukikutwa unaongea Kiswahili unatozwa faini mia tano, na kuna kibao kinavishwa shingoni. Mke wangu anasema ndo malezi ya shule bora. Mimi sielewi tena. — Baba Junior, Mwanza

Marahaba Baba Junior. Ulichofanya wewe kumuuliza hadithi inahusu nini, wazazi wengi hawafanyi, wanasikia sauti wanaridhika, na shule zinalijua hilo.

Kusoma kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza herufi ziwe sauti, ya pili ni sauti ile ikufikishie kitu kichwani. Mwanao kazi ya kwanza kaiweza, tena kwa Kiingereza ambacho tahajia yake ni balaa, kwa hiyo kichwa anacho. Kazi ya pili hana pa kuianzia, maana sauti anazotoa hazimwambii chochote, hajawahi kuyasikia maneno hayo jikoni wala uwanjani wala kwenye ugomvi na wenzake. Mtoto wa darasa la kwanza anayesoma silabi akifika ku na ku akazigonganisha, utaona uso unamfunguka, kwa sababu kuku anamjua, jana kamfukuza. Furaha ile ndogo ndo inamfanya mtoto apende kusoma. Mwanao hajawahi kuionja. Anatamka vizuri anasifiwa, basi, kajifunza kwamba kusoma ni kutamka.

Sasa hilo la kibao. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Wenzetu Kenya na Uganda wanakijua sana kitu hicho, Kenya wengi walikiita diski au monito, kipande cha mbao, wakati mwingine mfupa, anavishwa aliyekutwa akiongea lugha ya kwao, na ili akivue lazima amsikie mwenzake akikosea amvishe yeye, jioni mwalimu anaanza na aliyenacho kurudi nyuma mpaka wa kwanza, wote viboko. Yaani mtoto anafundishwa kuvizia wenzake. Na usidhani ni ubunifu wetu. Watoto wa Wales walivishwa kibao cha mbao kwa kuongea Kiwelshi karne ya 19, na watoto wa Brittany kule Ufaransa walivishwa vitu kama kiatu cha mbao kwa kuongea Kibretoni. Wenyewe kwa wenyewe walishafanyiana, sisi tukaletewa pamoja na ubao na chaki. Mkoloni kaondoka, kibao kimebaki, na siku hizi tunakilipia ada! Utaona hata shule za kwetu bango getini limeandikwa kwamba hakuna Kiingereza hakuna huduma, kwenye nchi ambayo lugha ya taifa ni Kiswahili na wanaotaka huduma ni wazazi wa Kiswahili.

Mia tano nayo, mimi naiita kwa jina lake, ni pesa ya mtoto imechukuliwa bila kosa. Nenda shule, kwa heshima, uliza hiyo faini imeandikwa kwenye fomu gani na risiti iko wapi. Utashangaa inavyopotea.

Mama Junior asinichukie, namwelewa. Mzazi wa Kitanzania anaona mtoto akimaliza la saba kwa Kiswahili anaingia fomu wani anakutana na baiolojia na jiografia zote Kiingereza, wiki chache za kuwaandaa zimeisha, mtoto anakariri mpaka fomu foo. Hofu hiyo ni ya kweli kabisa. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi tangu 1967, sekondari ikaachwa na Kiingereza, na mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ikapendekeza Kiswahili kiendelee mpaka juu, kianze sekondari 1985. Serikali ikakataa. Sera ya elimu ya 2014 ikaja nayo ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote, sekondari bado tupo pale pale. Katikati ya vuta nikuvute hiyo miaka ya 90 shule binafsi za msingi zikafunguliwa mlango, na mzazi mwenye chochote akakimbilia huko. Kwa hiyo mke wako si mjinga, anasoma alama za barabarani.

Lakini tatizo la fomu wani halikuletwa na mtoto kusoma kwanza kwa Kiswahili. Limeletwa na Kiingereza kufundishwa vibaya kama somo, na mwalimu ambaye mwenyewe hakukipata. Kuna jaribio moja huwa nawatajia wazazi, la Ile-Ife, Nigeria, lilianza 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa. Watoto walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba miaka yote 6 ya msingi, Kiingereza wakapewa kama somo na mwalimu anayekijua hasa, wakalinganishwa na wenzao waliogeuziwa kwenda Kiingereza baada ya miaka mitatu. Wale wa Kiyoruba hawakuachwa nyuma, wengi walifanya vizuri zaidi, na hata kwenye Kiingereza hawakupitwa. Ukimwambia mtu hivi anakataa, anakwambia haiingii akilini, muda mwingi wa lugha moja utaletaje faida kwenye nyingine. Inaleta kwa sababu aliyezoea kuuliza "hii aya inasema nini" kwa Kiswahili atauliza hivo hivo kwa Kiingereza, na aliyezoea kutamka tu atatamka tu mpaka chuo kikuu.

Sikwambii umtoe shule. Umeshalipa, ana marafiki, na nyingine unaweza kukuta ni ile ile imebadilishwa rangi ya sare. Fanya haya nyumbani. Kila jioni, dakika kumi na tano tu, kitabu cha Kiswahili, yeye anasoma wewe unasikiliza, alafu anakusimulia bila kuangalia. Atakwama mwanzoni kwenye dh, gh na ng', akishazizoea ataenda mwenyewe maana silabi za Kiswahili hazimdanganyi. Vitabu vya Kiingereza vya shule navyo asome, lakini kila ukurasa akuelezee kwa Kiswahili kimetokea nini, na pale asipojua neno mlitafute wote. Usimcheke. Usimwambie "mbona nalipa hela yote hii". Na aandike: barua kwa bibi, orodha ya sokoni, matusi ya Simba na Yanga hata, aandike kwa Kiswahili kitu ambacho ana hamu ya kukisema. Hisabati mweleze kwa Kiswahili, majina ya Kiingereza ayapate baadae, kugawanya ni kugawanya.

Na kile Kisukuma cha siri zenu, baba, kwani kwa nini kiwe cha siri? Kabila kubwa kuliko yote nchini, na mtoto wa Mwanza anadhani ni lugha ya wazazi kugombania. Msemesheni. Darasani hakipo na sitegemei kuwepo karibuni, nyumbani hakuna aliyekizuia.

Mwalimu nakuheshimu ila kwenye hili la lugha za makabila unatupeleka kubaya. Baba wa Taifa alitujengea nchi moja kwa lugha moja, nyinyi wasomi mnataka turudi kwenye usukuma na uchaga. Angalieni Kenya na redio zao za kikabila yaliyowakuta. — Mzalendo, Dodoma

Mzalendo, mimi Mbondei, naandika hapa kwa Kiswahili na kula kwa Kiswahili, usiniweke kundi la wasomi mapema hivo. Kiswahili kutuunganisha watu wenye lugha zaidi ya mia moja na ishirini ni kazi kubwa na sina hamu ya kuibomoa.

Lakini umoja haukuletwa na lugha moja peke yake. Rwanda wote wanaongea Kinyarwanda, na redio iliyowachochea watu kuua majirani 1994 ilikuwa inatangaza Kinyarwanda hicho hicho. Somalia Kisomali ni kimoja karibu nchi nzima, na nchi ikasambaratika 1991. Kenya ndiyo, baada ya uchaguzi wa 2007 redio za lugha za makabila zilinyooshewa kidole na mtangazaji mmoja akafikishwa The Hague, kesi ikasitishwa 2016. Lakini sumu iliyokuwa inapigwa kwenye mikutano ya siasa ilipigwa kwa Kiswahili pia, na hakuna aliyesema tukifute Kiswahili.

Na Baba wa Taifa unayemtaja, Nyerere, alikulia kwenye Kizanaki, Butiama, shule ya Mwisenge pale Musoma aliianza 1934 akiwa na miaka 12. Kizanaki hakikumzuia kutuunganisha. Mtoto wako akijua kumsalimia babu yake kwa lugha ya babu, nchi haitavunjika. Mimi sijaomba mitihani ya taifa itungwe kwa lugha mia moja na ishirini, nimeomba tusiwachape watoto wala kuwatoza hela.

Hi Mwalimu, niko na miaka 24, mzaliwa wa Nakuru, wazazi ni wa Nyeri. Kikuyu naongea fiti kabisa hakuna mtu atanidanganya, lakini kukisoma siwezi. Kanisani wakinipea Biblia ya Kikuyu nisome mbele naanza kutoka jasho, nasoma kama mtoto wa nasari na shosho zangu wanainamisha vichwa. Nina digrii! Naweza kujifunza saa hii ama nimechelewa? Na nani atanifundisha? — Wa Nakuru

Mwanangu, hujachelewa hata kidogo, na wewe ndo mwanafunzi rahisi kuliko wote niliojibu leo. Lugha unayo na kusoma unajua, ulichokosa ni kukutanisha hivo viwili, na wala si kosa lako, shule uliyopitia haikukupa nafasi. Hiyo digrii yako ulisomea lugha ya watu, hii ni yako na hukuwahi kuonyeshwa imeandikwaje.

Kinachokukwamisha ni kwamba unasoma Kikuyu kwa macho ya Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili kina irabu tano, Kikuyu saba, zile ĩ na ũ za kofia si mapambo, ni sauti tofauti na i na u, na wewe ukiongea unazitofautisha bila kufikiri. Th isome kama dh ya dhahabu, c iache ilainike kuelekea sh, g kama gh, b isibane midomo. Irabu ikiandikwa mbili vuta. Kupanda na kushuka kwa sauti hakuandikwi kabisa, kwa hiyo neno lenye maana mbili utalijua kwa sentensi, na ndo maana kusoma neno kwa neno kunakuangusha mbele za watu, lazima jicho litangulie mdomo.

Njia ni hii. Chukua kitu unachokijua kwa moyo, Baba Yetu, au wimbo wa kanisa ambao hata ukiwa usingizini unaimba, kiweke mbele kilichoandikwa, imba taratibu huku kidole kinafuata. Mdomo unajua tayari, jicho ndo linasoma shule. Baada ya hapo zaburi fupi unazozisikia kila mara. Alafu habari, sikiliza redio ya Kikuyu asubuhi, Kameme ipo hewani tangu 2000, andika sentensi mbili ulizosikia. Na meseji za mama anza kumjibu kwa Kikuyu. Kofia za herufi kwenye simu zipo kibodi zenye nazo, lakini usipoziweka mama ataelewa, wengi hawaziweki, kanisani ndo utazihitaji. Wa kukufundisha ni mmoja wa hao shosho wanaoinamisha vichwa, mwombe mmoja, yule mkali zaidi, akusikilize nyumbani kwake Jumamosi. Hawakucheki hao, wanaogopa kwamba wakiondoka hakuna atakayesoma.

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, Kiswahili ndio changu na cha babu zangu. Mwanangu yuwasoma Grade 5, insha yake ya Kiswahili imerudi nyekundu tupu, kaandika mato (macho), kaandika mtele (mchele), na mwalimu wao ni mtu wa bara hata Kiswahili kimempata ukubwani. Mtoto yuwalia asema Kiswahili hakijui. Bibi yake ana sanduku la barua za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nae shule humhesabu kuwa hajui kusoma. Hii ni haki? — Mama wa Mji wa Kale

Waaleikum salaam dada yangu. Haki si haki, lakini mwalimu wa bara usimbebeshe yote, yeye kasahihisha kwa kitabu alichopewa. Kitabu hicho kina historia. Mwaka 1928 wakoloni wa Kiingereza walikutana kukubaliana Kiswahili kipi kiwe cha shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kikachaguliwa cha Unguja, na mkutano huo ulifanyika wapi? Hapo hapo kwenu Mombasa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu. Kimvita, hicho Kiswahili chenu cha Mombasa, ambacho mmisionari Krapf alikikuta alipofika 1844 na kilichokuwa na washairi wake kabla hata ya mzungu huyo kushuka kwenye jahazi, kikageuka kuwa cha kusahihishwa kwa wino mwekundu. Wanaosema tatizo la lugha ya mama ni la wenye lugha ndogo tu waje wamwone mtoto wa Mji wa Kale anayeambiwa Kiswahili hakijui.

Mtoto mwambie ukweli huu kama ulivyo, kwamba ana Kiswahili viwili, cha nyumbani na cha mtihani. Mkae na insha ile, kila palipopigwa mstari mchore safu mbili, huku cha kwetu huku cha shule, atazikariri haraka kuliko mtoto anayeanza lugha upya. Mtihani autoe kwa cha shule bila kinyongo, alama anazihitaji. Nyumbani asibadilishe hata neno. Na kwa mwalimu nenda umweleze polepole, wengi wao hawajui kabisa kwamba hayo ni maneno halali ya watu, wanadhani mtoto ana uvivu, mwombe akikuta neno la Kimvita alizungushie tu duara na aandike pembeni la kisanifu, asilikate kwa mkasi mwekundu.

Ama bibi, huyo anasoma, tena anasoma maandishi ambayo Kiswahili kilitumia karne nyingi kabla ya a be che de za misheni. Barua zile zisikae tu sandukuni, unyevu wa Mombasa unazila. Zipigeni picha moja moja mchana kwenye mwanga. Kisha bibi azisome kwa sauti, mtoto arekodi na simu, na jioni aandike kwa herufi za shule alichosikia, kwa Kimvita kile kile cha barua. Hapo atakuwa anafanya insha, imla na historia kwa mpigo na bibi ndo mwalimu. Akimaliza barua ya kwanza nitumieni, kama bibi karidhia itachapwa kwenye ukurasa huu, na mato na mtele wake humo humo.